Ngome ya Ng'ambo ya Kisale na Mkwe Aliyenipa Mgongo

Tangu nirudi, kila Misa ikiisha nazuiliwa mlangoni mwa kanisa. Mmoja anauliza kama kweli nilipanda kilima kwa magoti haya. Mwingine ananivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli lile linalosemwa juu yangu na mkwe wangu. Kilima nilipanda. Lile la mkwe nalo ni kweli, ila lilifika Kamina kwa simu kabla yangu, na njiani likatiwa chumvi. Nimeona afadhali niandike yote kwa utaratibu, dada zangu wa kikundi cha rozari, mjisomee wenyewe.

Mnajua kwamba baba yangu alikuwa mtu wa reli. Wengi hamjui kwamba kabla ya reli alikuwa askari, na kwamba aliishi miaka kadhaa katika ngome ya mawe iliyo juu ya kilima, ng'ambo ya ziwa Kisale. Alikuwa huko na mama yangu, wote wawili watu wa mbali, wa Maniema. Humo walizaa mtoto wao wa kwanza, Alfonsi. Alikufa kwa homa akiwa na miezi minane, akazikwa hukohuko. Baadaye baba aliacha bunduki akapata kazi ya reli, na sisi watano wengine tukazaliwa hapa, katika kambi ya wafanyakazi. Mama hakurudi kule tena. Alipokuwa karibu kufa alituambia, "Mmoja wenu aende akamwombee pale alipo." Tulikuwa watano. Sasa nimebaki mimi, na duniani hakuna mtu mwingine anayemtaja Alfonsi katika sala.

Mungu alikuwa ametangulia kunitengenezea njia. Binti yangu Mado, muuguzi anayezalisha, aliolewa miaka tisa iliyopita na Ilunga, mwalimu wa shule ya msingi, katika kijiji kilicho chini ya kilima hichohicho. Chifu amempa Ilunga kazi ya kutunza ngome: anafyeka majani, anashika ufunguo wa lango, anaongoza wageni wachache wanaofika kuitazama. Katika kufyeka huko aliona makaburi madogo, Mado akaniletea habari. Shida ilikuwa moja, na kila Mluba kati yenu ameshaiona. Mwenye kujua makaburi ni mkwe wangu.

Ninyi wengine wa reli niwakumbushe. Katika heshima ya ukwe, ambayo Waluba wanaiita buko, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja, wala hawasemezani bila mtu wa katikati. Mimi si Mluba wa damu, lakini nimezaliwa na kuzeeka kati yao, na tangu harusi nilikuwa nimeona mgongo wa Ilunga tu. Ni mgongo mzuri, ulionyooka. Tulipanga kwamba Mado awe mtu wetu wa katikati.

Kamina hadi Kabondo-Dianda

Treni ilikuwa iondoke asubuhi. Iliondoka alasiri, na hakuna aliyeshangaa. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli mahali fulani mbele, na mafundi walikuwa wakijaza mawe. Baba yangu alijaza mawe ya namna hiyo, marehemu mume wangu pia, kwa hiyo sikuona haki ya kunung'unika.

Ndani ya behewa niliketi karibu na baba mmoja aliyekuwa anapeleka sufuria za kuuza. Nilitoa rozari nikaanza kusali kimya. Alinitazama mpaka fumbo la tatu, akashindwa kuvumilia.

"Mama, ile mushanga unauzisha namna gani?"

"Haiuzwi, baba. Ni ya kusali."

"Aa. Minyi nilizani unahesabu kama iko yote, mbele ya kuuza."

"Kuhesabu nahesabu kweli," nikamwambia, "na mara nyingi napotea."

Alicheka, akasogeza sufuria zake ili ninyooshe miguu. Treni iliposimama porini kwa saa nyingi, akina mama walishuka wakawasha moto kando ya reli. Mihogo ilikuwapo, karanga zilikuwapo, chombo cha kupikia hakikuwapo. Yule baba alitazama sufuria zake, akatutazama sisi, akashusha nne bila kuombwa. Zilipanda tena behewani zikiwa nyeusi chini. "Sasa zimejaribiwa," akasema, "nitasema banunue bila kuogopa." Sikumjua jina, lakini nimemweka katika sala zangu.

Barabara ya Kinkondja

Tulifika Kabondo-Dianda kesho yake asubuhi. Kutoka hapo nilichukua pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Alifunga mzigo wangu mbele yake, akaniambia, "Mama, unishike nguvu mu kiuno. Hii barabara haijue kama weye iko muzee."

Nilisita.

"Minyi niko na bajukulu saba," akasema. "Ushike tu."

Nikamshika. Siku nzima nilimkumbatia mwanaume nisiyemjua mbele ya vijiji vyote, na hakuna aliyegeuza kichwa. Nilikuwa na muda mwingi wa kulifikiria jambo hilo, maana mchanga ulikuwa mwingi kuliko barabara. Penye mashimo makubwa alisimama na kusema kwa adabu, "Hii tuitembee, mama," nasi tukatembea, yeye akisukuma, mimi nikifuata na viatu mkononi. Kwenye kijito kimoja magogo ya daraja yalikuwa yameondoka na maji. Wanaume wanne waliokuwa wakilima karibu waliacha majembe, wakabeba pikipiki mabegani kama wanavyobeba jeneza, kisha wakarudi shambani kabla sijamaliza kusema asante.

Kinkondja kunanuka moshi wa samaki toka mbali, na kwa mtu mwenye njaa harufu hiyo ni mwaliko. Nilipokewa na rafiki yake Mado, mama mjane anayekausha samaki. Alinipikia kambale mbichi kwa bukari, ugali wa mihogo, akakaa kunitazama nikila.

"Ku ngome unaenda kufanya nini? Kule iko mawe tu."

"Kuna ndugu yangu mkubwa kule."

"Ni askari?"

"Hapana, ni mtoto."

Alizitazama mvi zangu. "Mukubwa yako njo mutoto?"

"Ndiyo. Ana miezi minane."

Aliinuka, akaweka mkono juu ya paji la uso wangu kuona kama nina homa. Ikabidi nimsimulie yote. Alipoelewa aliniongezea kipande cha samaki, akasema yeye pia anao wawili chini ya ardhi ambao hawatazeeka. Usiku ule alinipa kitanda chake.

Juu ya maji

Asubuhi niliingia mtumbwini. Wapiga kafi walikuwa wawili, mtu na mke wake, wakinong'onezana kwa Kiluba kama watu waliooana jana. Ziwa Kisale lina visiwa vya mafunjo vinavyoelea, navyo huhama upepo ukivisukuma. Kimoja kilikuwa kimekuja kuziba njia yetu. Hakuna aliyelaumu. Tulijifunga kwenye mafunjo, tukangoja. Juu ya kisiwa chenyewe kulikuwa na kibanda, na wazee wawili wakianika samaki. Ardhi yao ilicheza walipotembea, nao hawakujali. Walitutupia samaki wa kuchoma, tukawatupia ndizi. Jua lilipokuwa utosini upepo ukageuka, kisiwa kikaondoka polepole na kibanda chake na wazee wake, na mbele yetu njia ikafunguka.

Hapo ndipo niliiona. Kilima kimesimama peke yake juu ya maji, na kichwani mwake ukuta wa mawe mekundu, mrefu, bila pengo. Mama alikuwa akituambia kwamba kutoka ziwani ngome inaonekana kama kilemba. Niliona kilemba. Nikafanya ishara ya msalaba, na yule mwanamke mpiga kafi naye akafanya, bila kuuliza kwa nini.

Kijijini

Ilunga alinisalimu jioni kutoka nyuma ya ua wa matete. Alipiga makofi taratibu ya heshima, akasema, "Eyo, mama," nami nikaujibu ua, ndio uliokuwa katikati yetu. Wajukuu walinikalia wote mapajani kwa zamu.

Mpango wetu ulikufa alfajiri. Mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, wakaja kumwita Mado. Mtumbwi wangu wa kurudi ulikuwa wa kesho yake, na treni ya kunirudisha haipiti kila siku. Mado alisimama mlangoni na mfuko wake wa kazi, machozi yakimlenga.

"Mama, unisamehe. Ungoje nirudi."

"Nenda," nikasema. "Anayezaliwa hangoji."

Nilijua ninachokisema, na nilijua huenda nimepoteza siku yangu. Ndipo akaingia Tantine Kabange, shangazi yake Ilunga, mwanamke wa umri wangu, na fimbo mbili za kutembelea.

"Moja yako, moja yangu," akasema. "Minyi nitakuwa mu katikati. Mudomo yangu haina bugonjwa."

Kupanda

Ilunga alitangulia hatua ishirini mbele yetu, panga mkononi, mgongo kwetu. Alisema kwa sauti ya darasani, akiielekeza mbinguni.

"Tantine, umuambie mama, hapa apite kuume. Jiwe linateleza."

"Mama ya Mado, anasema jiwe linateleza."

"Nimesikia."

"Usisikie. Ukisikia, minyi niko na kazi gani?"

Tulipanda hivyo. Nilipumzika mara kumi na moja, na kila mara yule mgongo ulisimama bila kugeuka, kana kwamba una macho. Katika kupumzika nilitazama njia, na nikaona kwamba si njia tu, ni ngazi. Mawe yamepangwa kwa ustadi, kila moja limelalia lingine, na miguu ya watu imeyachimba katikati kama bakuli.

Lango nililipita nikiwa nimeinama, si kwa sababu ni fupi. Ukuta ni mnene kuliko mikono yangu miwili iliyonyooshwa. Una matundu ya bunduki, membamba nje, mapana ndani, na kila tundu lina kipande chake cha ziwa. Ndani kuna ghala la mawe, na birika lililochongwa kwenye mwamba, na mpaka leo linashika maji ya mvua, safi, unaona chini. Ilunga aliuhutubia ukuta.

"Mawe yalitoka ufukoni. Watu wa vijiji vyetu walipangwa mstari kutoka majini mpaka hapa juu, wakapokezana mkono kwa mkono."

"Anasema mawe yalitoka ku maji," akasema Tantine. "Bantu walipeana mkono kwa mkono. Tena anasema nkambo yangu mwanamuke, bibi yetu, alikuwa mu ule mustari, akaangusha jiwe ku muguu ya askari, na haikukuwa bahati mbaya."

"Tantine, sikusema vile."

"Ulikuwa unakawia kusema."

Mabega ya Ilunga yalitikisika. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba mkwe wangu anacheka.

Nilipapasa ukuta. Aliyeamuru kazi ile simsifu. Watu hawakuulizwa kama wanataka. Lakini mikono iliyopanga mawe haya naisifu. Hawakutaka kujenga, na bado walijenga vizuri. Nilisimama hapo muda mrefu nikiwashukuru watu ambao hakuna aliyewashukuru.

Nyuma ya ghala

Tantine Kabange alikaa chini penye kivuli cha lango. "Minyi nimefika," akasema. "Nitalinda hapa adui asiingie." Dakika moja baadaye alikuwa anakoroma.

Tukabaki mimi na mgongo. Ilunga akamwambia shangazi yake aliyelala, kwa sauti kubwa, "Tantine, umuambie mama, ni nyuma ya ghala, chini ya ukuta wa magharibi, penye mawe yaliyopangwa." Akanyoosha panga nyuma yake bila kutazama, akaondoka kwenda upande mwingine wa uwanja ili nipite.

Nilizunguka ghala. Macho yangu mnayajua. Niliona mawe yamepangwa chini, matatu matatu, katika safu, meusi kwa uzee, majani yamefyekwa kuyazunguka. Niliyahesabu mafungu, yalikuwa manane. Nikapiga magoti penye la kwanza, nikasema, "Alfonsi, ni mimi. Mama ametuma." Nikasali rozari nzima, mafumbo yote ya uchungu, nikiwataja baba na mama na ndugu zetu wote. Nililia kidogo. Huko nyuma nilimsikia Ilunga akikohoa. Nikafikiri, maskini, naye ameguswa. Akakohoa tena, zaidi. Akaita, "Tantine!" mara tatu, na jibu lilikuwa mkoromo. Niliendelea kusali.

Nilipomaliza nikatoa mshumaa. Hapo nikasikia hatua zinakuja, za haraka, kisha za polepole, kisha zikasimama karibu sana.

"Mama. Unisamehe. Si hapa."

Hakukuwa na mtu wa katikati. Nilivuta kitenge nikafunika uso wangu.

"Hapa ni nini?" nikauliza.

"Ni mafiga, mama. Wake za askari walipikia hapa."

Nimefundisha katekisimu miaka thelathini na miwili, na nilikuwa nimesali rozari nzima mbele ya jiko. Kicheko kilinitoka chini ya kitenge kabla sijakizuia. Kisha nikaacha kucheka, maana niliwaza kwamba moja la mafiga hayo lilikuwa la mama yangu, na kwamba alikaa hapa akipika na Alfonsi mgongoni. Sala ile sikuona kwamba imepotea.

"Makaburi yako wapi?"

"Chini, mama. Kuna ngazi, lakini imevunjika."

Nilifunua jicho moja nikatazama. Ngazi saba, mawe ya pembeni yameanguka, hakuna pa kushika, na upande wa kushoto ni mteremko mtupu mpaka majini. Fimbo haikutosha. Nilijaribu hatua ya kwanza, goti likakataa. Nikarudi nyuma. Nikajaribu tena, nikarudi tena. Ilunga alisimama ameugeukia ukuta. Nilisikia anapumua kama mtu aliyebeba mzigo.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha vijana kwamba desturi ni kwa ajili ya upendo. Sikuwahi kuulizwa nithibitishe. Nilifikiri: nikirudi Kamina bila kushuka ngazi saba, nitamwambia mama nini siku nitakapomwona? Nilichukua ncha ya kitenge nikaizungusha mkononi mwangu mara mbili, mpaka ngozi isionekane, nikaunyoosha.

"Ilunga," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita kwa jina lake.

Alifunga leso mkononi mwake. Akanipa mkono huo uso ukiwa umeelekea ziwani, nami nikaushika nikitazama miguu yangu. Tulishuka ngazi saba kama vipofu wawili wanaoongozana. Kwenye ya tano nilipepesuka, akanishika kwa mikono yote miwili, na leso ikaanguka.

Makaburi ni sita, madogo kama matandiko ya mtoto, kila moja limezungushiwa mawe meupe ya mtoni. Hayana majina. Ilunga alisema hata wazee wa kijiji hawajui ni lipi la nani. Nilikuwa nimeogopa jambo hilo safari yote. Nilipowasha mshumaa sikuogopa tena. Nilipita kwa yote sita, na kwa kila moja nikasema Baba Yetu, na kwa kila moja nikasema Alfonsi. Watano wengine Mungu anawajua na atawapa majina yao.

"Mimi ndiye wa mwisho," nikamwambia Ilunga, kila mmoja ametazama kwake. "Nikifa, hakuna atakayemtaja tena."

"Alfonsi nani, mama?"

Nikamwambia jina lote, la baba na la babu. Alilirudia polepole, kama anayeandika ubaoni.

Kurudi

Tulipofika langoni Tantine Kabange alikuwa macho.

"Nimeona," akasema.

"Ulikuwa umelala," akasema Ilunga.

"Mudomo njo ulilala. Macho yalikuwa ku kazi. Sasa itaombwa kuku ya kusafisha haya ya buko. Anayetoa ni yule aliyeshika."

"Tumeshika wote wawili," nikasema.

"Basi kuku mbili," akasema Tantine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Kuku waliliwa jioni hiyo, Ilunga upande wake wa ua, mimi upande wangu, na Tantine akila pande zote mbili. Simu ya Kamina ilitoka kwake, nimemsamehe. Mado alirudi usiku akiwa amechoka na furaha: mtoto wa kike, yeye na mama yake wazima.

Asubuhi nilikuwa ndani nafunga mzigo. Ng'ambo ya matete Ilunga alikuwa akisali na watoto kabla ya shule, kama wanavyofanya kila siku. Aliwataja wafu wa ukoo wake mmoja mmoja, wazee wote mpaka baba yake, na watoto wakawa wanarudia. Alipomtaja baba yake, yule mdogo akasema, "Amina," akainuka.

"Bado," akasema Ilunga. "Na Alfonsi, ndugu mukubwa ya bibi yenu."

"Na Alfonsi," wakasema watoto.